Je, Taifa Laweza Kujengwa Katikati ya Uasi? Gedalia, Nehemia na Nchi ya Ng'ambo ya Ziwa

1. Utangulizi

Mtu atokaye Kigoma mjini kwa barabara, akiisha kuliacha Ziwa Tanganyika nyuma yake, hufika Kidahwe, mahali ambapo njia hugawanyika. Moja huelekea Kasulu, na nyingine Uvinza. Kwa msafiri wa kawaida hiyo ni njia panda kama nyingine. Kwa Mkongo aliyevuka ziwa mwishoni mwa mwaka 1996, njia hizo mbili zilikuwa na maana ya pekee: ya kwanza iliongoza kwenye kambi ya Nyarugusu, na ya pili ilielekea upande wa Lugufu.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu Sese Seko kuanguka, wengi wa wakimbizi hao walirudishwa kwao. Meli ya Liemba, iliyo kongwe kuliko karibu kila mtu aliyeipanda, ilikwenda mara 22 kati ya Kigoma na Uvira katika muda wa miezi mitano, ikichukua watu zaidi ya 75,000. Waliondoka wakiamini ya kwamba nchi yao imezaliwa upya. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vilianza tena, na watu wakaanza tena kuvuka kuja upande wetu.

Ndiyo maana swali la makala hii si swali la wasomi peke yao. Mchungaji anayehudumu katika ufuko huu huulizwa na mkimbizi, baada ya ibada au kando ya kitanda cha mgonjwa: "Mchungaji, nchi imepona? Nirudi?" Akijibu ovyo, jibu lake laweza kumpeleka mtu kaburini; na akikataa kujibu, amemwacha mtu peke yake na redio na uvumi. Tunataka basi kuuliza: nchi iliyovamiwa kwa silaha, na ambayo waasi bado wamo msituni, yaweza kujengwa ikawa taifa? Na kama yaweza, mtu ataitambua kwa ishara gani?

Jibu letu kwa kifupi ni hili: yaweza, na wala haihitaji kungoja mpaka risasi ya mwisho ilie. Lakini ushindi wa kijeshi hauwezi kuijenga. Hujengwa pale ambapo mtawala anawajibika kwa watu wake kuliko kwa aliyemleta, kila mkazi anajua ya kuwa yeye ni mwana wa nyumba, na askari anakula mshahara badala ya kumla mwananchi. Mambo hayo matatu yakikosekana, uasi hurudi hata kama waasi wa leo wameshindwa.

2. Dola na taifa

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Dola ni vyombo: jeshi, mahakama, forodha, hazina. Taifa ni watu waliokubali kubebana mizigo, hata wale wasiojuana kwa sura. Jeshi la kigeni laweza kuivunja dola kwa miezi michache na kusimamisha nyingine mahali pake. Taifa halisimamishwi hivyo, kwa sababu kiini chake ni imani ya jirani kwa jirani, na imani haipokei amri.

Hata hivyo viwili hivi hutegemeana. Taifa lisilo na dola halina ukuta, na dola isiyo na taifa ni kikundi cha wenye silaha kilichojipatia bendera. Kosa la wavamizi wengi ni kudhani ya kwamba wakiisha kusimamisha la pili, la kwanza litafuata lenyewe.

3. Gedalia wa Mispa

Biblia inayo habari moja inayolingana na swali letu kwa namna ya kushangaza, nayo haihubiriwi mara nyingi. Imo katika Yeremia sura ya 40 hadi 43. Yapata mwaka 587 K.K. Yerusalemu ulianguka mikononi mwa Wakaldayo. Mfalme wa Babeli alimweka Gedalia, mwana wa Ahikamu, kuwa liwali juu ya watu waliobaki, naye akakaa Mispa.

Gedalia hakuwa mtu mbaya. Aliwasihi watu wasiogope, wakae katika miji yao, wakusanye divai na matunda na mafuta. Tena yapo maneno ambayo msomaji wa Kigoma hawezi kuyapita haraka: Wayahudi waliokuwa wamekimbilia Moabu, Amoni na Edomu walisikia, wakarudi, na mavuno ya mwaka ule yakawa mengi sana (Yer. 40:11-12). Wakimbizi walirudi, na shamba lilizaa. Nabii Yeremia mwenyewe alichagua kukaa pamoja na Gedalia (Yer. 40:6). Kwa hiyo hatuwezi kusema ya kwamba Maandiko yanaihukumu kila serikali iliyosimamishwa na mgeni.

Lakini katika mwezi wa saba Ishmaeli, mwana wa Nethania, alikuja Mispa na watu kumi, wakala chakula mezani pa Gedalia, kisha wakamwua, pamoja na Wayahudi na askari wa Wakaldayo waliokuwa pale. Siku ya pili yake aliwaua wengi wa mahujaji themanini waliokuwa wakienda kutoa sadaka, na maiti zao zikatupwa katika shimo la maji.

Tuangalie mambo manne. Kwanza, Ishmaeli alikuwa wa uzao wa kifalme, na Gedalia alikuwa mtu wa Babeli. Muasi alikuja na dai la uhalali ambalo liwali hakuwa nalo. Pili, nyuma ya Ishmaeli alikuwapo mfalme jirani, Baalisi wa Amoni, aliyemtuma (Yer. 40:14). Tatu, Gedalia alionywa na Yohanani, mwana wa Karea, asisadiki. Tena Yohanani alitaka kumwua Ishmaeli kwa siri, na Gedalia akakataa. Alikuwa na haki kukataa mauaji ya siri, lakini hakuwa na haki kuwaacha watu wake bila ulinzi. Nne, baada ya Ishmaeli kukimbia, watu hawakurudi mashambani. Walishika njia ya Misri, na sababu yao ilikuwa hofu ya kisasi cha Wakaldayo (Yer. 41:18). Raia alibanwa kati ya muasi na mwenye kulipiza kisasi, akaona hana budi kuwa mkimbizi mara ya pili.

4. Ng'ambo ya ziwa

4.1 Mtawala aliyeletwa

Ufuko wa Kigoma umeijua habari ya Kongo kwa muda mrefu. Mwezi Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa mashariki, na mwezi Novemba mwaka huo akavuka kurudi akiwa ameshindwa. Mmoja wa viongozi wa uasi ule, Laurent-Désiré Kabila, aliunda chama chake mwaka 1967 na kushika sehemu ya milima ya Fizi kwa miaka mingi. Mwezi Mei 1975 watu wake walivuka ziwa na kuwateka wanafunzi wa kigeni katika hifadhi ya Gombe. Eneo alilolishika lilikuwa na askari na bendera, lakini halikuwa mwanzo wa taifa.

Mwezi Oktoba 1996 Kabila alitokea tena, akiwa msemaji wa muungano wa AFDL. Nguvu za muungano huo zilitoka hasa Rwanda, ambayo ilitaka kuzivunja kambi za mpakani walimojificha waliofanya mauaji ya mwaka 1994. Uganda nayo ilishiriki. Uvira na Bukavu zilianguka kabla ya mwezi ule kwisha, na Kinshasa ikatwaliwa tarehe 17 Mei 1997. Wakongo wengi walishangilia kumwona Mobutu akiondoka. Lakini mkuu wa majeshi katika serikali mpya alikuwa afisa wa Rwanda, James Kabarebe, na mwananchi wa Kinshasa aliuliza: Rais huyu ni wa nani?

Kabila aliwekwa katika mtego ule ule wa Gedalia. Akiwabakiza waliomleta, watu wake watamwona kuwa liwali wa wageni. Akiwafukuza, watageuka kuwa adui zake. Mwishoni mwa Julai 1998 aliwaamuru waondoke. Siku chache baadaye uasi mpya wa RCD ulitokea Goma ukisaidiwa na Rwanda, huku Angola, Zimbabwe na Namibia zikija kumtetea Kabila. Tarehe 16 Januari 2001 aliuawa na mlinzi wake mwenyewe. Baalisi pia hakukosekana: katika vita hivyo karibu kila jirani alikuwa na Ishmaeli wake.

4.2 Nani mwana wa nyumba?

Jeraha la pili ni la uraia. Katika milima iliyo juu ya Uvira na Fizi wanaishi Banyamulenge, wasemao lugha iliyo karibu na Kinyarwanda. Sheria ya mwaka 1972 iliwatambua kuwa raia wale waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa nchini tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ilifuta jambo hilo, ikadai asili ya tangu mwaka 1885. Mwezi Oktoba 1996 kiongozi mmoja wa jimbo aliwatangazia waondoke nchini katika muda wa juma moja. Tangazo hilo likawapa wavamizi sababu waliyoihitaji, na vijana waliokataliwa na nchi yao wakapata bunduki kwa jirani.

Baada ya hapo damu ilidai damu. Mwishoni mwa Desemba 1998, huko Makobola, kusini ya Uvira, mamia ya raia waliuawa na askari wa RCD na washirika wao. Tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba nchini Burundi, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge, waliuawa kambini usiku. Mbembe husimulia Makobola, Munyamulenge husimulia Gatumba, na kila mmoja husimulia kana kwamba habari ya mwenzake haikuwako. Sheria ya uraia ya mwezi Novemba 2004 ilirekebisha mengi katika karatasi, lakini karatasi haijashuka mpaka kijijini.

Tusiseme haya kwa kiburi cha mtazamaji. Tanzania ilifanya jambo jema ilipowapa uraia watu wapatao 162,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972, waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, makazi yaliyojengwa kwa msaada wa shirika letu la TCRS. Lakini ni Tanzania hiyo hiyo iliyowarudisha Wanyarwanda kwa nguvu mwezi Desemba 1996. Tena Muha wa Kasulu au Buhigwe anajua uchungu wa kuulizwa, akiwa na jembe begani, athibitishe ya kuwa si Mrundi. Anayeujua uchungu huo anaelewa jinsi uasi unavyopandwa.

4.3 Askari mwenye njaa

Jeraha la tatu ni la tumbo. Wakongo wana mzaha wa siku nyingi juu ya "Kifungu cha 15", maana yake kila mtu ajitafutie. Askari wa Mobutu alijitafutia kwa bunduki yake, na askari wa waliofuata akajifunza kwake.

Mkataba wa amani ulileta serikali ya mpito tarehe 30 Juni 2003, yenye Rais mmoja na Makamu wanne, na majeshi yaliyopigana yakatakiwa kuwa jeshi moja. Katiba mpya ilipigiwa kura Desemba 2005, na uchaguzi ukafanyika mwaka 2006. Kwa macho ya nje kazi ilikuwa imekwisha. Lakini ndani ya jeshi fedha za mishahara zilipita mikononi mwa makamanda, na orodha zilijaa askari hewa. Kuanzia mwaka 2005 wataalamu wa Umoja wa Ulaya walisaidia kuwahesabu askari na kuitenga njia ya mshahara na njia ya amri, ili kamanda asiwe tena mlipaji. Kazi hiyo haikupigiwa ngoma wala tarumbeta, nayo pengine ilifaa kuliko mikutano mingi ya wakuu. Hata hivyo haikukamilika.

Makamanda wa waasi walipoingizwa jeshini kwa mapatano ya tarehe 23 Machi 2009, wengi waliingia na askari wao na biashara zao. Mwezi Aprili 2012 waliasi tena, wakajiita M23 kwa jina la tarehe ile, na mwezi Novemba wakaitwaa Goma. Askari wa serikali waliokimbia mji ndio waliowanajisi wanawake wa Minova. Mwanamke wa Minova alikimbia kutoka kwa muasi, akaangukia mikononi mwa mlinzi wake. M23 ilishindwa mwaka 2013, na vijana wa Tanzania katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walitoa damu yao katika kazi hiyo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2021 ilirudi, ikisaidiwa na Rwanda kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ingawa Rwanda ilikana. Na mwaka 2025 iliitwaa Goma mwezi Januari, kisha Bukavu mwezi Februari. Kumshinda muasi bila kuliondoa lililomzaa ni kufyeka magugu na kuacha mizizi.

5. Funzo la Uganda, na la mbali

Mtu aweza kusema ya kwamba Kongo ni kubwa mno, na kwamba mvamizi mwenye nia njema angefaulu. Tuitazame basi Uganda, ambako jeshi lililoingia lilikuwa letu. Idi Amin aliivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978. Majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala mwezi Aprili 1979. Sababu ilikuwa ya haki, na askari wengi walipokewa kwa furaha.

Serikali mpya ilipangwa katika mkutano wa Moshi, mwezi Machi 1979, kabla mji mkuu haujatwaliwa. Yusuf Lule alitawala siku 68 tu. Godfrey Binaisa aliondolewa mwezi Mei 1980. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 1980 yalikataliwa na walioshindwa, na mwezi Februari 1981 Yoweri Museveni aliingia msituni. Watu wa Luwero waliteketea kati ya waasi na jeshi la serikali. Kwa hiyo hata mvamizi mwenye haki hakuweza kuwapa Waganda jambo ambalo walipaswa kupeana wenyewe.

Hata hivyo Uganda inatufundisha na upande wa pili. Baada ya Januari 1986 serikali ya Museveni iliunda mabaraza ya vijiji, na tume ya Jaji Odoki ilizunguka nchi ikikusanya maoni, mpaka katiba ikapatikana mwaka 1995. Yote hayo yalifanyika huku vita vya kaskazini vikiendelea. Basi yawezekana kujenga wakati wa uasi. Lakini nyumba ilijengwa upande mmoja: watu wa Acholi walikaa makambini kwa miaka, na watoto wao walitekwa na jeshi la Joseph Kony. Huko viongozi wa dini, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu pamoja, walisimama katikati, wakashiriki kuidai sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000, ili mtoto aliyetekwa apate mlango wa kurudi nyumbani.

Ulimwengu mpana unathibitisha hayo. Nchini Iraki, mwezi Mei 2003, watawala wa kigeni walilivunja jeshi lote la zamani kwa amri moja, na maelfu ya wanaume wenye silaha na wasio na mshahara wakaenda nyumbani na hasira. Nchini Afghanistan dola iliyojengwa kwa miaka ishirini ilianguka mwezi Agosti 2021 kwa muda wa siku chache. Na huko pia orodha za jeshi zilikuwa na askari hewa.

6. Nehemia: mwiko, mkuki na deni

Wengi husema, "Amani kwanza, ujenzi baadaye." Nehemia anawajibu. Yeye naye alitumwa na mfalme wa kigeni, naye alizungukwa na akina Sanbalati na Tobia. Hakungoja waondoke. Nusu ya watu wake walifanya kazi, na nusu walishika mikuki (Neh. 4:16). Tena wengi walijenga sehemu iliyokabili nyumba zao wenyewe (Neh. 3:28-30), kwa hiyo kila mtu alilinda kitu alichokijua.

Lakini kilele cha kitabu kimo katika sura ya 5, ambayo wahubiri huipita upesi ili waufikie ukuta uliokamilika. Katikati ya ujenzi kilio kilitokea, nacho hakikuwa juu ya Sanbalati. Maskini waliwalilia ndugu zao Wayahudi waliokuwa wamechukua mashamba yao na watoto wao kwa sababu ya deni. Nehemia alikasirika, akaitisha kusanyiko, akawaapisha wakubwa warudishe mashamba na riba. Yeye mwenyewe, kwa muda wa miaka 12, hakuila posho ya liwali ambayo wenzake waliomtangulia walikuwa wakiwatoza watu (Neh. 5:14-15). Ukuta uliweza kukamilika katika siku 52 kwa sababu waliojenga walijua ya kuwa hawawajengei wenye kuwala.

Haitupasi kumfanya Nehemia kuwa mtakatifu asiye na kosa. Katika sura ya 13 ukuta ule ule unaanza kutumika kuwafungia nje watu wa damu nyingine, na wanaume waliooa wageni wanapigwa. Hapo kanuni ya Biblia inamweka kando yake Ruthu Mmoabi, mama wa babu yake Daudi. Ukuta ni kwa ajili ya kuwalinda waliomo. Unapogeuka kuwa kipimo cha nani amezaliwa sawasawa, umeanza kuleta uasi badala ya kuuzuia.

7. Mkate juu ya nembo

Huenda mwanafunzi akauliza: haya si ya ufalme wa mkono wa kushoto wa Mungu, yasiyotuhusu sisi watumishi wa Neno? Luther alipoandika juu ya mamlaka ya dunia mwaka 1523, aliitenga kazi ya upanga na kazi ya Injili, lakini hakuitoa kazi ya upanga mkononi mwa Mungu. Ungamo la Augsburg, Ibara ya 16, linafundisha ya kwamba serikali halali ni agizo jema la Mungu, na linaweka mpaka: mtu hatii anapoamriwa kutenda dhambi.

Karibu zaidi na jambo letu ni Katekisimo. Katika ombi la nne Luther anaiweka serikali njema na amani ndani ya mkate wa kila siku, pamoja na chakula na mavazi. Na katika Katekisimo Kubwa anashauri ya kwamba ingefaa mtawala mwema awe na mkate katika nembo yake kuliko simba, ili akumbuke ya kuwa kwa kazi yake watu hula kwa amani. Nembo ya Kongo ina kichwa cha chui. Hatuwacheki, maana mataifa mengi yamechagua wanyama wakali. Twasema tu ya kwamba mwanamke wa Uvira hamwulizi mtawala ana makucha kiasi gani. Anauliza kama ataweza kuvuna muhogo wake na kuupeleka sokoni bila kulipa katika kila kizuizi.

8. Wajibu wa mchungaji

Turudi kwa mkimbizi na swali lake. Mchungaji si afisa wa usalama, na hana ruhusa ya kutabiri. Lakini aweza kumsaidia mtu apime, kwa maswali matatu yaliyotokana na yote tuliyoyaeleza.

(a) Huko utokako, anayetawala humwogopa nani? Mwananchi akidhulumiwa, yuko mtu wa kumshtaki, naye akasikilizwa? Au kila jambo huamuliwa na waliomleta?

(b) Jirani yako wa kabila lingine, je, amerudi? Kama ni kabila moja tu linalorudi, hiyo bado ni zamu ya mshindi.

(c) Askari wa kizuizini anakula nini? Akiomba "kahawa" kwa kila apitaye, usiku ataomba zaidi.

Majibu yakiwa mabaya, mchungaji asimsukume mtu arudi, hata kama wakubwa wamechoka na wakimbizi. Majibu yakianza kuwa mema, asimzuie kwa hofu yake mwenyewe, kwa maana wenye kujenga ukuta ni lazima watoke mahali fulani.

Pamoja na hayo, kanisa linayo kazi ambayo dola haiwezi kuifanya, nayo ni toba. Mwezi Oktoba 1945 viongozi wa Kanisa la Kiinjili la Ujerumani, wakiwa Stuttgart, waliungama mbele ya wageni ya kwamba wao wenyewe walikuwa na hatia. Hawakusema tu ya kwamba Hitler alikuwa mwovu. Ungamo hilo lilipingwa na wengi wa waumini wao, lakini lilifungua mlango kwa makanisa ya mataifa waliyoyaumiza. Katika makambi yetu waliketi katika benchi moja Mbembe na Mfulero, na wakati mwingine Munyamulenge. Kama ibada yetu ya maungamo ya dhambi inataja dhambi za jumla tu, na Makobola na Gatumba hazitajwi, tumeipoteza nafasi ambayo Mungu aliiweka mlangoni petu.

9. Hitimisho

Taifa laweza kujengwa katikati ya uasi. Nehemia ni shahidi, na kwa sehemu Uganda pia. Lakini Gedalia naye ni shahidi, na mavuno yake mengi ya mwaka mmoja yatuonye tusiyaite mavuno kuwa amani. Abiria wa Liemba wa mwaka 1997 walirudi kwenye mavuno kama hayo, na hakuna aliyewauliza maswali matatu.

Yeremia alichukuliwa kwenda Misri pamoja na watu waliokataa shauri lake (Yer. 43:6). Aliwapinga, lakini alikwenda nao. Mchungaji wa Kidahwe, au wa Nyarugusu, hana mamlaka ya kuisimamisha vita ya ng'ambo. Ana uwezo wa kumwambia mkimbizi kweli, kumweka karibu na jirani anayemwogopa, na kuendelea kuwapo njia panda wakati watu wanapokuja na wakati wanapokwenda.